Bomba la Kidato cha Tatu

Siku hizi bomba la nyumbani halifunguki mpaka mwanafunzi wa sekondari aliambie, kwa Kiingereza, somo la afya au mazingira. Wakubwa wanaiita elimu ya vitendo. Mimi nauita upuuzi uliovaa tai. Maji ya chupa nayo walishayapiga marufuku, eti plastiki inachafua bahari.

Jana mama mkwe wangu aliharisha tangu alfajiri, na binti yangu Siwema alikuwa shuleni. Nililibembeleza lile dude kwa Kiswahili, nikalitukana kwa Kizaramo. Halikutoa hata tone. Majirani nao walikuwa wanawasubiri wa kwao.

Siwema aliporudi nilimsukumia ndoo. Akasimama wima mbele ya bomba, akamwaga Kiingereza chake chote kuhusu kuharisha na mwili kuishiwa maji. Bomba likampongeza, halafu likamuuliza kitu.

"Linasemaje tena hilo?" nikafoka.

"Linataka mfano kutoka nyumbani, mama."

Bibi yake alikuwa mkekani, midomo imekauka, hata kuitikia hawezi. Siwema akamgeukia, akamtazama. Nilidhani atalia. Akatabasamu, kwa kuwa mfano ameupata.