Uchafu Kwenye Bawaba

Kisu cha kukunja kilikuwa kimegoma kufunga. Mama mhunzi alikifungua skrubu juu ya meza yake ya kazi, huku mkwewe amesimama mbele yake akihema kama mtu aliyekimbizwa.

"Kisafishe tu, mama. Kimeingia uchafu."

Mama ndiye aliyekitengeneza, akamzawadia kijana huyu alipomwoa binti yake. Mpini alimwachia achague, naye akachagua mpingo. Akamfundisha kukitunza: kifute, kikaushe, kisha tone moja la mafuta kwenye bawaba.

Leo bawaba ilikuwa imegandwa na kitu cheusi. Alikikwangua kwa sindano, kikamomonyoka chekundu. Sindano ikavuta na unywele mrefu, wa rangi ya shaba. Juzi tu binti yake alipaka nywele zake rangi hiyo, akaja hapa kujishaua, wakacheka mpaka mbavu zikawauma.

"Umechinja nini?"

"Kuku, mama."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Amelala." Mkwe alirudi nyuma, akaukomea mlango. "Hebu nipe kisu changu."

Akarudi, akaweka kiganja wazi mezani, akingoja.

Mama aliukamata ubapa mtupu, usio na mpini, ukamkata vidole vyake mwenyewe, akaushindilia katikati ya kile kiganja mpaka ncha ikazama kwenye mbao. Mkwe alipiga yowe, akaporomoka, akabaki ananing'inia kwa mkono wake.

Mama akaokota nyundo.

"Amelala wapi?"