Sumaku ya Visu

Mnunuzi alizipita spika za marehemu mume wangu kama hazioni, akaingia jikoni na kikombe cha chai niliyompikia mkononi.

Wiki nzima nilizihangaikia: maboksi nimeyapiga vanishi mpaka yanang'aa, na fundi kanifungia vyombo vipya vya sauti ndani. Sasa huyu anataka nini jikoni kwangu?

Nilimkuta kaganda mbele ya sumaku nzito, yenye kutu, ninayobandikia visu ukutani.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Ndani ya hizo hizo spika. Vya zamani nilivitoa, hiyo ikanifaa."

Aliipapasa kutu kama shavu la mtoto. "Mlio wenyewe ulikuwa hapa. Siku hizi hawazitengenezi tena. Na zile karatasi za mbele, zinazotikisika spika ikilia?"

"Baba, zilichanika! Mume wangu alizitia viraka kwa gundi mpaka akachoka."

"Hizo hizo nazitaka. Na viraka vyake."

Kipya hakitazami, kibovu anakililia?

"Ziko wapi, mama?"

Nilikitazama kikombe chake. Kilikuwa bado kinafuka mvuke.

"Asubuhi nilikosa cha kuwashia jiko," nikasema.