Kioo cha Nyuma Kushoto

"Gari hili haliendi safari," Mwita alisema kutoka uvunguni mwa Noah, miguu yake tu ikionekana.

Ignas alicheka, akidhani ni utani wa mafundi. Alikuwa msimamizi wa malori ya mkandarasi mmoja mgodini, mtu aliyezoea kusema jambo mara moja likafanyika. Gari alilileta kwenye gereji hiyo ya Kalangalala libadilishwe oili na kukaguliwa tairi, basi. Shule zilikuwa zimefungwa, na kesho asubuhi familia ilikuwa na safari ya Dodoma.

"Masta ya breki inavuja," Mwita aliendelea. "Wakati wa kurudi, ukiwa unashuka mlima wa Sekenke, utakanyaga usikute kitu."

"Mbona leo imeshika?"

"Leo umetoka sokoni tu."

Mwita alitoka uvunguni akijifuta mikono kwa tambara. Aliwahi kuitwa Sekenke kuvuta gari lililoanguka bondeni. Aliyoyakuta mle hajawahi kumsimulia mtu.

"Mnasafiri wangapi?"

"Watatu. Mimi na Mama Limi mbele, Limi nyuma. Ana miaka saba, hajawahi kupita Kahama."

"Anakaa upande gani?"

"Kushoto, nyuma ya mama yake."

Mwita aliitikia kwa kichwa. Tangu Ignas alipoingia na gari asubuhi, alikuwa amekufa ganzi, na si mikono tu. Hakuwa na hasira wala huzuni. Alifungua nati na kufunga nati, kama vile kuna mtu mwingine anayefanya kazi na yeye ni mtazamaji.

Masta ya Noah ile haikupatikana mji mzima. Wenye duka waliahidi keshokutwa. Ignas akasema basi, ataendesha polepole, Mungu yupo. Mwita alisubiri aondoke, akaenda nyuma ya gereji ilikoegeshwa Noah yake mwenyewe, akaifungua masta yake na kuja kuifunga kwenye gari la mteja.

Nkwabi, fundi mwenzake, alimtazama kana kwamba anamwona mtu anavua suruali sokoni. Akafikiri weee, mwishowe akatabasamu.

"Nimekuelewa, kaka. Unataka akuletee yale malori yake."

Mwita hakukataa. Ilikuwa sababu nzuri, na ilimpunguzia maneno.

Wakaenda kulijaribu gari. Nkwabi alishika usukani, Mwita akakaa nyuma kushoto ili asikilize tairi. Na hapo ndipo penye kichekesho cha gereji nzima: Mwita ni fundi wa magari anayetapika ndani ya magari. Akiendesha mwenyewe hana shida. Mkalishe nyuma, funga vioo, hamfiki kona ya pili. Ndiyo maana mfuko wa shati lake haukosi limau, analinusa kila saa kama bibi na ugoro wake. Siku hiyo kioo cha upande wake kiligoma kushuka, na limau nalo halikufua dafu. Ikabidi wasimame. Mwita aliinamia mtaro, Nkwabi akacheka mpaka akaangukia honi.

Breki zilikuwa nzima. Hata hivyo, waliporudi Mwita alikwenda tena kwenye gari lake, akang'oa mota ya kioo, akaanza kufungua mlango wa nyuma wa gari la Ignas.

"Hicho kioo kiache," Ignas alisema kwenye simu. "Kiyoyozi kinafanya kazi."

"Kioo lazima kishuke."

"Nyie mafundi kwa kujitafutia kazi."

"Hiki ni bure, bosi."

Nkwabi alitikisa kichwa kwa heshima. Kwa mwendo huo, alisema, malori yatakuja na matrela yake.

Asubuhi yake familia ilishuka kwenye bajaji na mabegi. Rhoda, mke wa Ignas, hakusalimia mtu. Aliingia moja kwa moja kiti cha mbele, akainamia simu yake. Mtoto alipanda nyuma, akabonyeza swichi, kioo kikashuka chote, naye akatoa kichwa nje kabla gari halijawashwa.

Ignas alifurahi. "Fundi, kumbe umenifaa. Huyu akikosa upepo anatapika mpaka nyongo. Nimeuliza kwetu, hakuna mwenye hali hiyo. Kwa kina mama yake, hakuna. Sijui kairithi wapi." Akampa mkono. "Nikirudi, malori yote nakuletea."

"Mpe Nkwabi," Mwita alisema.

"Shikamoo, fundi," mtoto alisema kutoka dirishani.

"Marahaba, Limi."

Alitoa limau mfukoni, akalikata kwa kisu na kumpa nusu. "Ukisikia kichefuchefu, nusa. Usile."

Mtoto alinusa papo hapo, akafumba macho. Ganzi ilimwachia Mwita ghafla, na palipoachia paliuma.

Kule mbele Rhoda, ambaye miaka minane iliyopita alikuwa akimkatia Mwita malimau kama hayo kila walipopanda basi pamoja, alipandisha kioo chake.