Maneno ya Mwanamke Mwingine

Kila jioni nikisonga ugali, Wakhungu, mume wangu, huweka filamu ile ile. Jana stima ilipotea katikati, mtaa wetu wote hapa Kitengela ukawa giza.

Yeye hakunyamaza. Aliendelea kusema maneno ya mwigizaji wa kike wa filamu hiyo, akitua pale mwigizaji hutua, akicheka kabla ya mzaha kufika.

"Si ushaiona hiyo?" nilimwuliza.

"Ndiyo raha yake, mama. Hakuna neno lake sijui."

Nilishika mwiko mpaka vidole vikauma. Ugali ulianza kuungua na sikuutoa.

"Na mimi Jumapili nilikuambia nini?"

"Jumapili? Si ni ile maneno ya kanisa?"

"Nilikuambia nimepata kazi Magadi, pamoja na nyumba ya kukaa."

"Aah, kweli! Nikasema nini?"

"Ulisema nisisimame mbele ya TV."

Aliwasha tochi ya simu, akanimulika usoni kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Sasa mbona hukurudia tu?"

"Sikutaka kurudia!" Hata mimi sikuitambua sauti yangu. "Nilitaka uniambie nisiende."