Kofia ya Tano

Kufikia saa nane mchana mabingwa walikuwa tayari wawili, na zilikuwa zimebaki saa tano mechi ianze.

Ndivyo ilivyokuwa kila fainali ya hoki ya barafuni ya vyuo vya kanda ile. Kofia za ubingwa hushonwa mapema, boksi moja kwa kila timu, ili washindi wavikwe palepale kwenye barafu, mbele ya kamera. Boksi la walioshindwa huchomwa. Reino Kangas, mtunza vifaa wa chuo kwa miaka thelathini na mmoja, alilisukuma boksi la timu yake kwa mguu hadi chini ya mashine ya kunolea vyuma vya viatu vya barafuni, akakaa. Magoti yalimuuma.

Alikwisha kuchoma maboksi manne kwenye tanuri la uwanja. Kila mara alificha kofia moja ndani ya glavu ya kipa, na kesho yake akaipeleka kwa Kocha Arvo Tuomela.

Mara ya kwanza ilikuwa miaka tisa iliyopita. Kocha alikuwa amepigwa na kiharusi siku tatu kabla ya fainali, na daktari hakumpa wiki. Katika miaka ishirini na sita ya ukocha hakuwahi kutwaa ubingwa. Timu ikafungwa, na Reino akaingia chumbani mwa mgonjwa na kofia isiyokuwa halali. "Tumeshinda, Kocha." Mgonjwa akaishi. Baada ya hapo uongo ulihitaji kutunzwa. Miaka waliyotolewa mapema Reino alisema kweli, maana hapakuwa na kofia. Kila walipofika fainali alidanganya, na mji mzima ulimsaidia kwa kunyamaza. Darlene, muuguzi wa nyumba ya wazee, alichomoa waya wa televisheni kila fainali ilipokaribia na kusema umeharibika.

Kocha alirahisisha kazi. Aliipokea kofia kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akaibonyeza, akainusa ndani, akaomba iwekwe rafuni. Hakuwahi kuuliza magoli yalikuwa mangapi.

Safari hii daktari alikuwa amesema Pasaka haitamkuta. Reino alitaka kitu kimoja tu: apeleke kofia ya kweli.

Dakika sitini zilikwisha mbili kwa mbili. Kwenye mapumziko, kabla ya muda wa nyongeza, nahodha Marchetti alikuja kunolewa viatu, jasho likimchuruzika kidevuni.

"Mzee Reino, unanoa au unamkuna paka? Tutalala hapa."

"Vyuma vyako ni vikali," Reino alisema. "Miguu ndiyo butu."

Kwenye nyongeza, goli la kwanza humaliza kila kitu. Nyongeza ya kwanza ilipita bila goli. Katika dakika ya kumi na moja ya nyongeza ya pili Reino alikuwa ameinama anaokota taulo, hivyo hakuliona. Alisikia kelele, akainua kichwa kutazama ni upande gani wa watazamaji uliosimama. Ulikuwa upande wao. Baadaye walimweleza kwamba kisahani kinachochezwa badala ya mpira kilimgonga Marchetti gotini, kikabadili njia na kuingia golini, na kwamba Marchetti mwenyewe alikuwa bado anamtafuta mtu wa kumlaumu kwa maumivu.

Reino alilipasua boksi kwa kisu. Mikono ilizivamia kofia, zikaenda moja kwa moja kwenye vichwa vilivyolowa. Kofia ya mwisho, bado katika nailoni yake, aliishika yeye. Alidhani angelia. Alikaa kwenye benchi na kufikiri juu ya taulo zilizobaki.

Marchetti alimfuata akavua yake. Ilikuwa imelowa chapachapa, ukingo umepinda.

"Mpelekee Kocha hii, mzee. Ina jasho la mechi."

"Inanuka kama wewe. Kocha ni mtu wa usafi."

"Basi mwambie lilikuwa goli la ufundi."

"Nimeshamdanganya vya kutosha," alisema Reino.

Asubuhi ya Jumapili theluji ilikuwa imefunika njia, naye aliendesha polepole, kofia katika nailoni yake kwenye kiti cha pembeni. Darlene alikuwa anamngoja mlangoni. Alimwambia kwamba hakumdokezea Kocha lolote, kama walivyopatana. Waya ulikuwa mfukoni mwake tangu Ijumaa, na Kocha alikuwa amekunywa kahawa yake na kulala vizuri. Kisha akamkumbatia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kocha alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini. Alikuwa amekonda kuliko wiki iliyopita. Juu yake, rafuni, zilipangwa kofia nne, mpya kama siku zilipotoka kiwandani.

Njiani Reino alikuwa ameandaa hotuba. Goti, taulo, dakika ya kumi na moja. Alipomwona mzee akigeuza shingo, yote yalimtoka kichwani.

"Tumeshinda, Kocha."

Yalikuwa maneno yaleyale ya mara nne zilizopita.

Aliitoa kofia kwenye nailoni, akamkabidhi. Kocha aliishika kwa mkono wa kushoto, akaubonyeza ukingo uliokuwa bado umenyooka, akaigeuza, akainusa ndani. Aliiweka mapajani. Kisha akaunyoosha mkono uleule mzima, akaushika wa Reino.

"Keti, Reino. Umechoka," alisema kwa upole. "Mwaka huu walitufunga ngapi?"