Tarehe Pembeni mwa Kalenda

Kwenye maktaba moja ya Buffalo, Marekani, tulionyeshwa kitabu cha sala cha miaka mia tano, kalenda yake imenakshiwa kwa dhahabu. Pembeni, mama fulani alikuwa ameandika siku aliyomzaa binti yake.

Agata wangu aliinama hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo kilichofunika kitabu.

“Mama, na mimi nilizaliwa lini? Usiniambie Januari mosi. Hiyo waliandikiwa watu wote kwenye kambi ya wakimbizi.”

“Wakati wa mvua.”

“Mvua si tarehe, Mama!”

Tarehe naijua. Kila tarehe tisa Machi tunakwenda misa ya kumwombea marehemu baba yake, na miaka kumi na minne nimemficha ili asichanganye keki na kaburi.

Nilimvuta hadi kwenye benchi.

“Keti kwanza,” nikamwambia. “Ni siku ile ile aliyofariki baba yako.”