Kibarua wa Seremala

Randa ilikwama tena, seremala akageuka. Mwanawe alikuwa akiisukuma kinyume na nyuzi za ubao, na vidole vyake laini vilikuwa vimeshachubuka. Angejulia wapi? Tangu utotoni alikuwa akitimuliwa karakanani: "Toka hapa, kasome! Vumbi hili niachie mimi."

Sasa shahada ya uinjinia ilikuwa kabatini, na mwenyewe alikuwa hapa, barakoa usoni.

Mteja wa siku nyingi aliingia kuulizia meza yake. "Enhe, fundi, yule injinia wako hajambo?"

Seremala alimtupia mwanawe jicho.

"Hajambo," kijana akajibu bila kushusha barakoa. "Ni kazi tu zimembana."

"Hongera, fundi! Jasho lako halikwenda bure." Mteja akamgeukia kijana. "Unasikia, wewe kibarua? Ungesoma kama mwenzio, usingekuwa unakula vumbi hapa."

"Kweli, mzee."

Seremala bado alikuwa na nafasi ya kusema. Aliviangalia vile vidole, damu ikianza kuchuruzika kwenye ubao.

"Haya, kibarua," akasema. "Rudi kazini."